Shoo Bora, Shoo Mbovu: Mambo Huanzia Getini

Najua nimekuwa kimya, lawama nazipokea. Ni tesiti, ni asaimenti, na wana Elimu wenzangu mnajua muhula ukikolea mtu unaishi kwa chai na mihogo tu. Leo nimepata upenyo kidogo na nimekuja na jambo linalonikaa kichwani wiki nzima.

Lilianza kama ubishi wa hosteli. Swali jepesi tu: shoo ipi ya laivu ni bora kuliko zote ulizowahi kuhudhuria, na ipi ni mbovu kuliko zote? Kila mtu akatetea msanii wake. Huyu sauti, yule madansa, mwingine spika zilivyokuwa zinatikisa kifua. Mimi nilikuwa nasikiliza stori zenyewe, nikagundua kitu. Kila shoo iliyosimuliwa kuwa mbovu ilianza kuharibika kabla msanii hajapanda jukwaani. Iliharibika getini.

Basi kwa kuwa nasomea kufundisha Historia na Kiswahili, nikaona niipeleke hoja hii kwenye historia nione kama itasimama. Nasema hivi: shoo haianzi mwimbaji anaposhika maiki. Inaanza na nani kaingia, nani kaachwa nje, kwa bei gani, kwa milango mingapi na saa ngapi. Ukilijua geti umeshaijua nusu ya shoo.

Nianze na zangu mbili ili msiseme naongea vya vitabuni tu.

Mbovu kuliko zote ilikuwa nikiwa mwaka wa kwanza, bumu ndio kwanza limeingia. Ukumbi uko mjini, jina silitaji. Kiingilio elfu kumi, na tangazo likasema saa 2 usiku bila kukosa. Tulifika saa 1 na nusu tukakuta mlango uliofunguliwa ni mmoja, tena ubao wake mmoja tu, ule wa pili umefungwa kwa mnyororo. Mabaunsa wawili wanapapasa watu mmoja mmoja, huku wanaojuana nao wanapitishwa pembeni. Saa 4 bado tuko nje. Msanii mwenyewe kapanda saa 8 usiku, akawekewa CD, akawa anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, na mistari mingine anatusogezea maiki tumalizie sisi. Nyimbo nne, kaaga, kaingia kwenye gari.

Chupa zikaanza kuruka. Lakini kusema ukweli chupa hazikunitisha. Kilichonitisha ni pale ukumbi mzima ulipogeuka kwa mpigo kuelekea mlango ule ule mmoja. Nilibanwa ukutani mpaka nikawa navuta pumzi fupi fupi. Dada aliyekuwa mbele yangu alipoteza viatu vyote viwili na hakuweza hata kuinama kuvitafuta. Tulitoka wazima, tukamshukuru Mungu, tukarudi chuo kwa miguu maana daladala zilishalala.

Bora kuliko zote, hiyo sasa, haikuwa hata na tangazo la redio. Likizo iliyopita mjomba alinichukua Jumapili jioni kwenda kwenye baa moja ya uswahilini kusikiliza bendi ya dansi ya wazee. Kiingilio elfu tano. Geti lenyewe ni kamba na kijana mmoja mwenye kitabu cha tiketi. Ndani kuna wazee wenye suti za Kaunda, kina mama wa sare za vitenge, na vijana wachache kama mimi tuliokuja kwa kuburutwa. Muziki wao una sehemu mbili. Kwanza ni maneno, watu wametulia wanasikiliza, mzee mmoja anatikisa kichwa kama anaambiwa habari za nyumbani kwake. Halafu magita yanachanganya, tarumbeta zinaingia, na kiti hakikaliki tena. Mama mmoja akainuka polepole na noti ya elfu mbili, akambandika mwimbaji kwenye paji la uso, jasho likaishika. Mwimbaji akalitaja jina lake palepale ndani ya wimbo. Ukumbi mzima ukashangilia kana kwamba wote tumetajwa!

Nikamuuliza mjomba, hawa wanapataje faida kwa elfu tano? Akacheka. Akasema, "Mpwa wangu, hawa watu hawakuanza kwa kutafuta faida ya getini."

Nikaenda kusoma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa, wanalipwa mshahara, na vyombo ni mali ya chama. Chama kilivyobadilika na jina la bendi likabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Mwaka 1978 likaja Mlimani Park, wana Sikinde, ambalo baadaye likawa DDC Mlimani Park chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, jina likitokana na baa ya Mlimani Park, huku huku upande wa Chuo Kikuu. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, na kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa na bendi.

Sisemi enzi hizo zilikuwa pepo. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, kwa hiyo mwanamuziki akigombana na uongozi anaondoka na sauti yake tu, na ndiyo maana walikuwa wakihamahama bendi kila kukicha. Lakini angalia geti lilivyokuwa. Bendi haikutegemea usiku mmoja ili iishi. Inapiga wiki hii, itapiga na ijayo, na mteja wake ni yule yule fundi, karani na muuza duka wa mtaani, ambaye lazima atake kurudi. Promota wa siku hizi ana usiku mmoja wa kurudisha hela yake yote. Hapo geti linageuka mdomo wa mamba.

Sasa tutoke nje ya mipaka, tuanzie kwa majirani zetu wa Kongo.

Septemba 1974, Kinshasa. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wazichape, na Rais Mobutu alitaka dunia nzima iione Zaire yake, kila bondia akaahidiwa dola milioni 5. Pembeni ya ngumi likapangwa tamasha la muziki la siku tatu, Zaire 74, waandaaji wakiwa Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na rafiki yake Mmarekani Stewart Levine. Siku chache kabla, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini. Pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini tamasha halikungoja. Tarehe 22 hadi 24 Septemba walipanda James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba, na wenyeji wakawa Franco na TPOK Jazz yake, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na wengine.

Watalii waliotarajiwa kuja na dola zao kwa ajili ya ngumi hawakutokea. Uwanja ukabaki kwa watu wa Kinshasa wenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo tamasha lilipopona. Mmarekani mweusi anapiga muziki ambao mizizi yake ilitoka upande huu wa bahari, mbele ya watu ambao rumba yao nayo ilikwenda Cuba ikarudi. Ukitazama filamu zake utaona nyuso za watu, si viti vya wageni mashuhuri.

Ila lilikuwa na geti la pili ambalo usiku ule halikuonekana. Kamera zilirekodi kila kitu. Fedha za tamasha zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia, ugomvi wa fedha na haki ukafuata, na mikanda ikalala stoo. Filamu ya When We Were Kings ikatoka 1996, ikabeba Oscar, lakini sehemu kubwa ni ngumi. Soul Power, yenye muziki wenyewe, ikatoka 2008. Na albamu ya wanamuziki wa Kiafrika waliopiga pale ilitoka lini? 2017. Piga hesabu, miaka 43! Franco alishafariki 1989, Abeti 1994, Makeba 2008 na Tabu Ley 2013. Waliingia uwanjani kama wenyeji wa sherehe, ila kwenye kumbukumbu ya sherehe yao wenyewe waliachwa nje miaka yote hiyo. Mtu anaweza kufungiwa geti hata akiwa yuko jukwaani.

Turuke miaka mitano mbele, mpaka Marekani. Tarehe 3 Desemba 1979, mji wa Cincinnati, bendi ya Uingereza The Who ilikuwa ipige ndani ya ukumbi wa Riverfront Coliseum. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti, anayewahi ndiye anayekaa mbele. Kwa hiyo maelfu walianza kujikusanya mapema, kwenye baridi, wakisogelea milango. Ikasikika sauti ya muziki kutoka ndani. Waliokuwa nje wakadhani shoo imeanza, wakasukuma. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Vijana 11 wakafia pale mlangoni, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 27. Yaani umri wetu sisi. Shoo ikaendelea hadi mwisho, na wanamuziki waliambiwa baada ya kushuka.

Kuna kitu watu hawakijui kuhusu vifo vya namna hii, naomba mnisikilize hapa. Tunapenda kusema "walikanyagana", kana kwamba watu waligeuka wanyama. Mara nyingi si hivyo. Watu hufa wamesimama. Msongamano ukizidi, kifua kinabanwa pande zote, hakipati nafasi ya kutanuka, pumzi inakata. Wa nyuma haoni kinachotokea mbele, yeye anajua tu kwamba foleni haisogei, anasukuma kidogo. Msukumo mdogo wa watu elfu moja ukifika mbele si mdogo tena. Kosa si la aliyesukuma. Kosa ni la aliyehesabu tiketi na asihesabu milango.

Sasa shika hiyo picha ya watu wako nje wanasikia muziki wa ndani, twende nayo Zimbabwe miezi minne na nusu baadaye.

Usiku wa kuamkia 18 Aprili 1980, uwanja wa Rufaro, mjini Salisbury, mji ambao baadaye ulikuja kuitwa Harare. Rhodesia inakufa, Zimbabwe inazaliwa. Hii tunaisoma kidato cha nne kama "uhuru kwa mapambano ya silaha", na sisi Watanzania tumo ndani yake, maana wapiganaji wa ZANU walifanyia mazoezi kwenye kambi za huku kwetu, ikiwemo Mgagao mkoani Iringa. Bob Marley alikuwa ametoa wimbo wa Zimbabwe mwaka 1979 kwenye albamu ya Survival, na wapiganaji waliujua. Akaalikwa. Akaja, tena kwa gharama zake mwenyewe, na vyombo akavisafirisha kwa ndege.

Waliokaa ndani usiku ule ni wageni wa heshima na walioalikwa, Prince Charles akimwakilisha Malkia, Indira Gandhi wa India, wakubwa wa nchi mbalimbali. Wananchi wa kawaida, wakiwemo waliopigania siku hiyo, walikuwa nje ya uzio. Muziki ukaanza. Wa nje wakasikia. Unategemea wafanye nini? Huu ni uhuru wao, wimbo ni wao, na wao wako nje! Wakalisukuma geti.

Polisi, ambao walikuwa bado wale wale waliorithiwa kutoka Rhodesia, wakafyatua mabomu ya machozi. Moshi ukaingia mpaka uwanjani, ukafika jukwaani. Waimbaji wake wa kike wakakimbilia kujificha, muziki ukakatika. Hali ilipotulia Marley akarudi na kumalizia.

Fikiria hilo jambo, ndugu yangu. Dakika za kwanza kabisa za nchi huru, na raia wake wanapigwa mabomu ya machozi kwa kosa la kutaka kuingia kwenye sherehe yao. Kama ningetakiwa kuchagua shoo mbovu kuliko zote katika historia ya bara hili, ningekaribia sana kuitaja hii.

Lakini haikuishia pale. Siku iliyofuata Marley akapiga tena, uwanja ule ule, safari hii bure, geti wazi, kwa ajili ya wananchi. Makumi ya maelfu wakajaa.

Mimi hapo ndipo niliposema hoja yangu imesimama. Mwanafunzi wa sayansi angeita hili jaribio la maabara. Mwimbaji ni yule yule, vyombo vile vile, uwanja ule ule, tofauti ya siku moja tu. Kilichobadilika ni geti. Shoo ya kwanza ikatoa machozi ya moshi, ya pili ikawa sherehe ya uhuru ambayo ilipaswa kuwa tangu mwanzo. Marley alifariki 11 Mei 1981, ana miaka 36. Alikuwa amebakiwa na miezi 13 tu ya kuishi, na moja ya siku hizo akaitumia kuwarudia walioachwa nje.

Mtu ataniambia, basi dawa ni kufungua geti tu, kila kitu kiwe bure. Hapana, si rahisi hivyo. Tarehe 6 Desemba 1969 huko Altamont, California, The Rolling Stones walikuwa kinara wa shoo ya bure ya watu wapatao 300,000. Ulinzi wa jukwaa wakapewa genge la waendesha pikipiki, Hells Angels. Kijana mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, akachomwa kisu akafa mbele ya jukwaa, na jumla ya waliokufa siku ile ni wanne. Geti wazi bila mtu mwenye akili wa kulisimamia nalo ni mtego.

Na nisingependa mkadhani haya ni mambo ya Marekani na ya zamani. Mimi ni mtoto wa Tabora. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wa mji wetu walikwenda disko toto wakiwa na nguo mpya za sikukuu na sarafu za zawadi mkononi. Wakajazwa ukumbini kupita kiasi, hewa ikaisha, na watoto wapatao 20 wakafariki. Haikuwa bendi, ilikuwa disko tu, lakini hesabu ni ile ile, viingilio vingi na hewa kidogo. Mimi nilikuwa mdogo sana wakati huo, sikumbuki lolote. Ninachokumbuka ni kukua katika nyumba ambayo neno "disko toto" likitajwa mama anabadilika sura na kuacha alichokuwa anafanya. Kila Idi na kila Krismasi tulisherehekea uani, na redio. Tulilalamika sana. Nilipobanwa kwenye ule ukuta mwaka wa kwanza ndipo nilipomwelewa.

Kwa hiyo wadau, shoo za mwisho wa muhula zinakuja na mabango yameanza kubandikwa. Kabla hujatoa elfu kumi yako ya bumu, acha kuuliza kwanza nani anaimba. Uliza haya:

1. Ukumbi una milango mingapi, na siku hiyo itafunguliwa mingapi?

2. Tiketi zina kikomo, au wanauza mpaka karatasi iishe?

3. Saa iliyoandikwa ni ya msanii kupanda, au ni ya sisi kuanza kusimama nje?

Ukijibiwa kwa hasira, umeshajibiwa. Na nyie mliopewa dhamana ya kuandaa, wengine ni marafiki zangu na mnanisoma, fungueni ule ubao wa pili wa mlango. Mnyororo hauna faida kwa mtu yeyote.

Na mimi nikipangiwa shule, popote pale, nikifika kwenye mada ya uhuru wa Zimbabwe sitaanza na Mkataba wa Lancaster House. Nitaanza na lile geti la Rufaro, niwaulize wanafunzi wangu: walioko nje ni kina nani, na kwa nini wako nje? Tukishalijibu hilo, mkataba tutauelewa vizuri zaidi.

Haya, zamu yenu. Shoo yako bora na shoo yako mbovu ni zipi? Majina ya wasanii niwekee mwishoni. Nianzie na geti lilikuwaje.

Ngoja niwahi kantini kabla ugali haujaisha. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.